Bi Harusi, Tumbo Lako Si Chafu



Leo tuna la kusema, na wauzaji wa chai za "kusafisha tumbo" hawatalipenda. Tumechoka kuona mabibi harusi wanaharishwa wiki mbili kabla ya ndoa, eti kiuno kipungue.

Sisi tunashona magauni ya harusi. Bi harusi anakuja kujaribisha gauni kwa mara ya mwisho, macho yameingia ndani, midomo imekauka, anaomba kiti. Ukimuuliza, chai anakunywa asubuhi na jioni, na matunda kaambiwa aache kwa sababu yana sukari. Na sisi mafundi, Allah atusamehe, badala ya kumwonya tunachukua pini, tunabana gauni na kumsifu.

Jamani, kilichopungua si mafuta. Chai nyingi za namna hii zina sanamaki. Sanamaki ni dawa, Waislamu tunaijua tangu zamani, na hatuipingi. Lakini ni dawa ya aliyefunga choo, tena kwa siku chache. Kazi yake iko kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mdogo. Unachopoteza ni maji, pamoja na madini ambayo moyo unayahitaji upige sawasawa. Ukinywa maji, kilo zinarudi.

Wanasema tumbo lina bakteria, lisafishwe. Basi wajue kwamba hata hiyo sanamaki haifanyi kazi mpaka bakteria hao hao waivunje!

Na kazi yao kubwa ni nyingine. Ndani ya matunda mna pektini, ile inayoifanya jemu ya mapera igande. Mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuikata. Inapita hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanaishughulikia kama fundi anayefumua nguo: kila aina ya mshono na mkasi wake. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba bakteria aitwaye Bacteroides thetaiotaomicron anaifumua pektini moja ngumu yenye aina 21 za viungo. Anakata 20, kimoja tu kinamshinda. Vipande vinaliwa na yeye na wenzake, na sisi tunaachiwa asidi ndogo ndogo zenye manufaa. Mojawapo, butirati, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana.

Hao ndio mnaotaka kuwafukuza? Na mkiwanyima chakula, msidhani watakaa kimya. Katika majaribio ya panya, bakteria waliokosa nyuzinyuzi waligeukia kula ute unaoukinga utumbo.

Tujilaumu na sisi wenyewe pia. Chungwa tunalimenya, tunakata juu, tunafyonza maji na kutupa makapi. Pektini iko humo humo kwenye makapi na ile nyama nyeupe ya ganda! Juisi tunaichuja mpaka ibaki maji ya sukari. Kisha tunanunua pakiti ya chai kwa pesa nyingi.

Dada, kula chungwa lote na nyama yake. Kula pera, embe, karoti. Kama hukuzoea, anza kidogo kidogo usije ukajaa gesi, na maji usiyasahau. Choo kikikusumbua sana, nenda kwa daktari, si kwa muuza chai.

Mama na somo, msimkabidhi mwari kwa mumewe akiwa hana nguvu ya kusimama. Na mafundi wenzetu, tuache kitambaa cha ziada kwenye mishono. Gauni ndilo linalofuata mwili, mwili haufuati gauni. Gauni linavaliwa usiku mmoja. Mwili ni amana, na tutaulizwa.

Allah awape mabibi harusi wetu afya na ndoa zenye kheri. Amin.