Kujikaza Pekee Hakutoshi

Mchimbaji akivunjika mguu, wenzake humbeba hadi zahanati. Akivunjika moyo, huambiwa ajikaze. Hilo ni kosa, nasi wafanyakazi hatuna budi kulikomesha.

Ngara na Biharamulo zaijua safari ya kazi. Zama za Mwingereza, vijana wa Ngara walikwenda Buganda kulima, au Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Leo Biharamulo ndiyo ipokeayo wageni: dhahabu yawavuta watu wa kila umri. Kijana huona haya kurudi kwao mikono mitupu. Mzee huwaza nguvu zimpungukiazo na nyumba aliyoiacha.

Wazee wetu hawakuwa na mioyo ya chuma. Wengi walisafiri kwa makundi, wakaishi kambini na watu wa kwao, wakasemezana kwa lugha yao. Upweke ndio uvunjao mtu.

Nchi yetu inayo Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008. Lakini sheria haibishi hodi kambini. Abishaye ni jirani. Basi, ndugu, ukimwona mwenzako hali wala halali, keti naye, umsikilize, kisha mfuatane zahanati. Huo ndio umoja wa wafanyakazi.