Ng'ombe Kashiba, Lakini Ana Njaa



Kila Bunge la bajeti likikaa Dodoma, wimbo kuhusu mifugo ni ule ule: wafugaji wana ng'ombe wengi mno, wapunguze. Mwaka 2006 wimbo huo uligeuka operesheni. Wafugaji wa Usangu waliondolewa kwa hoja ya kuyaokoa maji ya Ruaha Mkuu, na wengine wakaswaga mifugo yao mpaka Lindi. Tangu hapo tunabishana juu ya idadi ya vichwa na ukubwa wa eneo. Swali moja silisikii: hilo jani analokula ng'ombe bado lina nini ndani yake?

Mwaka 1958 hewa ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo zimepita 420. Ngano na nyasi za nchi za baridi zikiipata kwa wingi hukua haraka, lakini hujaa wanga na protini hupungua. Nyasi zetu za kitropiki haziguswi sana na hewa hiyo, ila joto na ukame vinazibana kwa njia nyingine: zinakomaa upesi, shina linakuwa gumu, nyuzinyuzi zinazidi. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinashindwa kazi. Majani yanakaa tumboni muda mrefu, mnyama anapunguza kula, anakonda huku tumbo limejaa.

Wenzetu huku wanapima. Sisi tunaoishi Oxon Hill tunawapeleka watoto Oxon Cove kutazama ng'ombe, lakini katika kaunti hii hii ya Prince George's kuna Beltsville, kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo kilichoanza 1910. Mwaka 2016 Lewis Ziska wa Beltsville na wenzake walichapisha vipimo vya chavua ya maua yaliyokaushwa na kuhifadhiwa Smithsonian tangu 1842. Protini ilikuwa imepungua kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2017 watafiti wengine walitoa matokeo ya sampuli zaidi ya 36,000 za kinyesi cha ng'ombe wa Marekani, zilizokusanywa kwa miaka 22. Nako protini ya malisho ilikuwa ikishuka.

Mfugaji wa Texas akiambiwa hivyo, ananunua mashudu. Mfugaji wa Simanjiro au Longido atanunua kwa fedha gani? Akiona ng'ombe hawanenepi na maziwa yamepungua, anaongeza vichwa ili apate kile alichopata zamani. Kisha afisa anakuja kumwambia yeye ndiye mharibifu.

Sisemi malisho hayajalishwa kupita kiasi. Yamelishwa, na tusidanganyane. Ninachosema ni kwamba nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kupanga kwa kuhesabu vichwa tu, kama mwenye duka anayehesabu magunia bila kuyafungua.

Dawa nyingine tunazo nyumbani. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulizirudisha kwa maelfu ya hekta. Mikunde kama lusina na desmodiamu hujitengenezea naitrojeni, ndiyo maana protini yake haiyumbi sana. Nyasi ya brakiaria asili yake ni Afrika. Ilipelekwa Amerika ya Kusini, ikaboreshwa, ikafunika malisho ya Brazil, na leo mbegu zake zinarudi kwetu kwa kununuliwa! Tulikuwa wapi?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, TALIRI, taasisi yetu ya utafiti wa mifugo, ipewe fedha za kupima ubora wa malisho kila mkoa, kila msimu, na matokeo yawekwe hadharani kabla mfugaji hajaamriwa kuuza hata ndama mmoja. Pili, sisi tunaotuma dola nyumbani kununua ng'ombe, tutume kwanza za mbegu za malisho na za kufunga ngitili. Ng'ombe wa tano asiye na chakula ni hasara kwa wale wanne.

Julai 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza mpango wa kuondoka Beltsville. Tukisubiri wengine watupimie nyasi zetu, tutasubiri sana.

Naomba kutoa hoja.