Mwajiri ni Nani?



Yako mambo yaandikwayo vizuri katika karatasi, na katika kazi yenyewe hayapo. Mojawapo ni mkataba wa kazi wa uongo. Mtu amtumikia bwana mmoja miaka mingi, lakini jina lake limo katika daftari la wakala. Siku ya kudai likizo yake au akiba yake ya uzeeni, bwana asema, "Huyu si mtu wangu"; na wakala asema, "Mimi nalimleta tu."

Jambo hili si geni kwetu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika utawala wa Waingereza Waha wengi walisafiri nayo kwenda mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandika watu, SILABU. Kipande kilitaka siku 30 za kazi iliyotimia. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Wengi walitia dole gumba katika karatasi wasiyoweza kuisoma, na kutoroka kazi kulikuwa kosa la jinai.

Leo sheria yatazama kazi, haitazami jina la mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, yasema mtu ahesabiwe kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, likionekana hata jambo moja katika haya: kwamba mwingine ndiye aongozaye kazi yake au saa zake, kwamba yeye ni sehemu ya shirika alitumikialo, kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwamba riziki yake yamtegemea huyo, kwamba apewa vyombo vya kazi, au kwamba hana mwingine amtumikiaye.

India, ambayo Sheria yake ya Mikataba ya 1872 ilitumika hapa mpaka Tanganyika ilipotunga yake mwaka 1961, imekwisha kulipima jambo hili. Sheria yake ya 1970 ilimtaka mwenye kazi alipe mshahara ikiwa wakala hakulipa. Mwaka 2001 Mahakama yake ya Juu ilihukumu kwamba kibarua wa wakala hawi mtumishi wa mwenye kazi hivi hivi tu. Lakini wakala akiwa pazia tu, kibarua huyo ni mtumishi wa mwenye kazi. Hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa wakala wa kweli yupo, na si kila kandarasi ni hila.

Sasa twasema na ninyi makarani. Pazia hilo halijishoni lenyewe. Lashonwa kwa kalamu, na kalamu tunayo sisi. Karani aandikaye "kibarua wa siku" mbele ya jina la mtu aliyefagia ofisi ile ile miaka mitano, ameshuhudia uongo. Yatupasa kuandika kweli, na kumweleza ndugu yetu asiyejua: atunze barua na hati zake za mshahara, na akumbuke ni nani ampaye amri kila asubuhi. Akiachishwa kazi isivyo haki, asikae akingoja huruma. Ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hukosa haki yao si kwa kukosa sheria, bali kwa kukosa mtu wa kuwasomea.