Kuanguka Kunakochekesha Ni Kazi ya Fundi

Vichekesho vya kuanguka, kufukuzana na kuvunja vitu huhesabiwa na wengi kuwa sanaa ya watoto, isiyohitaji akili wala ufundi. Imani hiyo ni potofu, na Arusha ina ushahidi wake.

Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa Tanganyika, ikiwemo Momella chini ya Mlima Meru. Wengi huikumbuka kwa John Wayne na vifaru wanaofukuzwa kwa magari. Lakini kuelekea mwisho, ndama watatu wa tembo wanamsaka Dallas, mhusika wa Elsa Martinelli, katika mitaa ya Arusha mpaka hotelini. Baadaye wanavamia chumba cha maharusi na kitanda kinavunjika. Mtazamaji asiyejua Kiingereza anacheka sawasawa na anayekijua. Hawks aliujua ufundi huo tangu enzi ya filamu zisizo na sauti: alianza kuongoza filamu 1926, na mwaka huohuo alitoa kichekesho, Fig Leaves.

Enzi hiyo kosa dogo lingeweza kuua. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia Buster Keaton, naye anabaki wima kwa kuwa amesimama pale hasa linapotua dirisha lililo wazi. Ukuta ulikuwa wa kweli. Asingepima, angepondwa.

Mazingaombwe ya kamera nayo yanadai nidhamu ileile. Mwaka 1896 Mfaransa Georges Méliès alimtowesha mwanamke kitini: kamera ilisimamishwa, mwanamke akaondoka, kamera ikaendelea, kisha mkanda ukakatwa na kuungwa ili kiungo kisionekane. Majini wengi wa filamu za Bongo hutoweka kwa mbinu hiyohiyo. Kamera ikitikisika kidogo, au mwigizaji aliyebaki akisogeza mkono, jini huyo anakuwa kichekesho ambacho hakikukusudiwa. Kama kazi hii ingekuwa rahisi, isingeharibika kwa jambo dogo kiasi hicho.

Ni kweli kwamba vichekesho vibovu ni vingi. Ubovu huo unatokana na kurekodi bila mazoezi, na lawama ni ya mtengenezaji. Wanaotoa tuzo za filamu nchini waache kuviweka vichekesho vya mwili chini ya tamthilia za machozi. Wavipime kwa ufundi wake.