Nguzo za Benki Zisivunjwe

Ndugu zangu wa Mwankoko, najua mtaniuliza: sisi tulio pembeni mwa mji wa Singida, tunaouza alizeti na kupokea malipo kwa simu, nguzo za mabenki ya zamani ya mijini zinatuhusu nini? Swali ni la haki. Nisikilizeni.

National Bank of India ilifungua milango Zanzibar mwaka 1892, Mombasa 1896, Nairobi 1904. Mabenki ya namna ile yalipenda kujenga kwa mawe ya kuchonga na nguzo nene za Kigiriki na Kirumi. Nguzo hizo hazikuwekwa kwa urembo tu. Zilimwambia tajiri: leta fedha zako, hapa hapavunjwi. Mwafrika zilimwambia apite mbali. Nayo sheria ikakazia: katika Tanganyika ya miaka ya 1930, asiye mwenyeji aliyemkopesha mwenyeji bila idhini ya ofisa wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Nani basi angekukopesha?

Ndiyo maana wako wanaosema majengo hayo yabomolewe, kwa kuwa ni ya wakoloni. Hasira yao naielewa. Shauri lao nalikataa. Mwenye kesi hachomi ushahidi wake mwenyewe.

Tazameni walivyofanya wenzetu wa Nairobi. Jengo la National Bank of India, pale Moi Avenue, leo ni makao ya Nyaraka za Taifa za Kenya, idara iliyoundwa kwa sheria ya 1965. Humo mna mafaili ya serikali ya kikoloni, na mna hazina ya vitabu na sanaa ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Mjukuu wa mtu aliyepita mbali na mlango ule sasa anaingia, anakaa kitini, anaagiza faili linalomtaja babu yake. Na si mbali na hapo iko Kipande House ya mwaka 1913, walikoandikishwa Waafrika ili wavae kipande cha utambulisho shingoni. Leo ni tawi la KCB, benki iliyotokana na National Bank of India hiyo hiyo baada ya serikali ya Kenya kuishika kuanzia 1970. Mpenda kisasi, wewe ungetaka kipi zaidi?

Nasi tulifanya letu. Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitaifisha mabenki. Barclays, Standard, National and Grindlays na wenzao wakaingia katika benki yetu ya taifa, NBC. Tangu siku ile kuta zile zikawa mali ya mkulima wa Mwankoko sawa na mkazi wa Upanga. Ndiyo, NBC iligawanywa 1997 na baadaye ikapata wabia wa nje. Historia haikuwemo katika mauzo.

Kinachonitisha sasa ni bei ya viwanja vya katikati ya mji. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe kilichojengwa kabla ya 1863; cha baada ya hapo hungoja tamko la Waziri. Hesabuni wenyewe: majengo ya mabenki yaliyoingia NBC yako upande wa pili, usiolindwa bila tamko. Tusijidanganye kwamba wakubwa hawakosei, maana hata London walibomoa sehemu kubwa ya Benki Kuu yao, kazi ya John Soane, kati ya vita viwili vya dunia ili wajenge kubwa zaidi.

Basi msingoje tamko lije lenyewe. Diwani akiitisha mkutano, mwulizeni kama Manispaa ya Singida ina orodha ya majengo yaliyosimama kabla ya Uhuru. Ikiwepo, isomwe mbele yenu. Isipokuwepo, vijana wenye simu za kamera waianze: benki, maduka, ofisi, na tembe zilizobaki zisiachwe. Picha moja kwa kila jengo, jina la mwenye nalo, kazi inayofanyika humo sasa. Nakala moja kwa mkurugenzi, nyingine kwa Idara ya Mambo ya Kale, na zote zigongwe muhuri wa kupokelewa.