Mmisionari aliye mbali akumbukwe siku yake ya kuzaliwa

Tarehe 19 Machi 1872, David Livingstone alitimiza miaka 59 akiwa Kwihara, karibu na Tabora. Siku tano kabla, mwandishi wa habari Henry Stanley alikuwa ameshika njia ya pwani, naye mzee akabaki kwenye tembe hadi Agosti akingoja watu na mizigo. Shajara yake inaonyesha kwamba hakuiacha siku hiyo ipite hivi hivi: aliandika sala ya kujitoa upya kwa Mungu. Ndiye huyo ambaye Novemba 1871, kule Ujiji, alipokea mfuko wa barua wa tangu Novemba 1870, uliokwama Bagamoyo na tena Kwihara, na kutoka humo akachomoa kwanza barua za watoto wake. Imani yake haina shaka, lakini haikumwondolea hamu ya kukumbukwa na watu wa kwao.

Leo njia imegeuka. Wale wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao misafara yao ya kwanza ilipita Tabora mwaka 1878 kuelekea maziwa makuu, sasa wana Watanzania wanaotumwa nchi za mbali, na tunaowaaga kwa ngoma na vigelegele tunawasahau upesi mno. Wapo watakaosema wazee wetu hawakuadhimisha siku za kuzaliwa. Ni kweli kwa nyumba nyingi, ila kujuliana hali ni desturi yetu ya tangu zamani, na tarehe ya kuzaliwa inatupa tu siku ambayo hatuna kisingizio cha kuikosa. Wengine watasema tutume fedha. Zitumwe, maana nauli na dawa hazilipwi kwa salamu. Lakini fedha huingia kwenye akaunti ya shirika, salamu humfikia mtu mwenyewe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mmisionari amekubali kuacha yote. Amekubali, naam, lakini sadaka hiyo ni yake kuitoa; sisi hatukupewa kazi ya kumwongezea uzito.

Wala salamu zisiishie kwa padri au mchungaji. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walikuwa naye Kwihara, nao wakiwa mbali na kwao, na siku zao za kuzaliwa hatuzijui. Basi parokia na sharika ziandike tarehe za wote waliotumwa, masista na walei wakiwemo, na kila jumuiya ipewe jina la mmoja wao. Siku yake ikifika, jumuiya imrekodie ujumbe wa sauti kwa simu: kwaya, salamu ya Kinyamwezi, nani kaoa, mvua zimeanzaje, asali mwaka huu ikoje.