Mlezi wa programu anaponyamaza

Tunapojadili kompyuta za shule na vyuo, aghalabu huishia kwenye bei ya mashine na kukatika kwa umeme. Ni nadra kuuliza ni nani anayezitunza programu zilizomo ndani. Nyingi kati ya zile zinazotolewa bure, ambazo wanafunzi wa taaluma hii huzitegemea, hulelewa na mtu mmoja anayejitolea baada ya kazi yake ya mchana. Akiugua au akichoka, toleo hubaki lile lile la kale, kasoro zake zikijulikana na kila mdukuzi, na barua anazoandikiwa hazijibiwi.

Wapo wanaodai mlezi wa namna hiyo apokonywe programu mara moja, akabidhiwe yeyote aliye tayari. Mimi nawapinga, na sababu yangu ni kisa cha xz, programu ya kubana data iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mwaka 2022 mtunzaji wake, Lasse Collin wa Ufini, alilaumiwa vikali kwa kukawia na watu wasiojulikana. Alijibu kwa upole kwamba uwezo wake umepungua, tena kazi yenyewe haina malipo. Alikuwapo msaidizi mwenye bidii aliyejiita Jia Tan, ambaye hatimaye alipewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa siri, uliokusudiwa kumpa njia ya kuingia katika seva za wengine. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alishangaa kwa nini kuingia katika mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akachunguza, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Nusu sekunde, msomaji!

Je, tusubiri milele basi? La hasha. Wajitoleaji wa Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, wana utaratibu ambao ungefaa kusomeshwa darasani. Kasoro ikihitaji tiba, mwanachama mwingine aweza kuirekebisha bila kumvua mlezi wadhifa wake. Iwapo kifurushi cha programu kimetelekezwa, anayetaka kukiokoa hutangaza nia yake hadharani, husubiri siku 21, kisha toleo lake hukaa foleni siku 7 zaidi. Mlezi akijitokeza na kupinga, shughuli husimama. Lipo pia kundi la kuwatafuta walezi waliotoweka, likiwauliza kama wangali wamo.

Hapana shaka laghai mvumilivu aweza kuupenya hata utaratibu huo. Jia Tan alijenga imani kwa zaidi ya miaka 2. Hata hivyo, kelele hazina nguvu mbele ya kalenda iliyoandikwa, na mlezi mchovu halazimiki kumkabidhi mgeni funguo usiku wa manane ili apate amani.

Mwanafunzi anayekuta kifurushi kimezeeka asianze na lawama. Aandike ripoti inayotaja toleo alilo nalo na lile jipya, aambatishe marekebisho yake mwenyewe, na kuyaweka mahali ambapo wengine watayakagua. Mwalimu naye aihesabu ripoti hiyo kuwa kazi ya muhula na kuitolea alama, hata kama mlezi hatajibu kabla ya shule kufungwa.